Usitupe Kidole Kilichokatika

Mtu akikatwa kidole kwa panga, msumeno au mashine, jamaa zake humkimbiza hospitalini, nacho kidole hubaki mavumbini. Wanasema, "Kimekwisha kufa." Sivyo! Kingali na uzima kwa muda.

Mwaka 1965, huko Nara katika nchi ya Japani, waganga Komatsu na Tamai walirudisha dole gumba lililokuwa limekatika kabisa. Katika kazi hii mganga huunga mfupa, kano, mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Mishipa hii ya damu ina upana wa kadiri ya milimita 1 tu. Kwa hiyo huishona akitazama katika darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Je, ni nini kinachosaidia kidole kushika? Kwanza, namna ya jeraha: kilichokatwa kwa kitu kikali hushika vizuri kuliko kilichopondwa au kung'olewa. Pili, baridi: kikikaa katika joto huweza kungoja kadiri ya saa 12, kikipozwa vema, saa 24. Tatu, tumbako: hubana mishipa ya damu, basi mgonjwa asivute kabisa.

Fanyeni hivi:

1. Gandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, mkauinue mkono. Msitie majivu, petroli wala majani.

2. Okoteni kidole. Kama kina mchanga, kimwagieni maji safi, msikisugue.

3. Kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, mkitie katika mfuko wa plastiki usiovuja.

4. Wekeni mfuko huo juu ya barafu. Ulizeni kwa wauza samaki. Kidole kisiguse barafu yenyewe, maana huharibu nyama.

5. Kidole kinachoning'inia kwa ngozi msikikate.

6. Mgonjwa asile wala asinywe, maana huenda atapewa dawa ya usingizi.

Kutoka Mwadingusha mpaka Likasi ni safari, msingoje asubuhi. Si kila hospitali ina darubini na fundi wa kazi hiyo, wala si kila kidole huweza kurudishwa. Waganga hujitahidi zaidi kwa dole gumba, na kwa vidole vya watoto. Lakini mwacheni mganga aamue. Hata asipoweza kukiunga, pengine atatumia ngozi yake kufunika jeraha. Kidole kilichoachwa mavumbini hakimsaidii mtu.