Faili Lako Limehifadhiwa? Kweli au Si Kweli

Radi ikipiga upande wa ziwa, duka la vipuri kilimani Naguru huzama gizani. Umeme ukirudi, faili la hesabu lipo palepale, jina lilelile, ukubwa: baiti 0. Hapo ndipo wataalamu wa barazani huanza. Maneno yao umeyasikia, tuyapime.

"Programu ikisema imehifadhi, imehifadhi."
SI KWELI. Mara nyingi data bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikingoja zamu ya kwenda diskini. Mfumo endeshi wa Linux huweza kuichelewesha takribani sekunde 30. Programu makini huita fsync, amri ya kuisukuma data hadi diskini, na ikijibiwa kuna kosa haijifanyi kiziwi.

"Si vibaya kuandika juu ya faili la jana."
SI KWELI. Programu nyingi huanza kwa kulifuta. Umeme ukikatika hapo, umekosa la jana na la leo. Andika faili jipya pembeni, ita fsync, kisha lipe jina la lile la zamani. Kwenye Linux jina hubadilika kwa mkupuo mmoja: utakuta la zamani au jipya, si nusunusu.

"Ext4 ina jarida lake, itanilinda."
NUSU KWELI. Ext4 ni mfumo wa Linux wa kupanga mafaili diskini, na jarida ni orodha yake ya mabadiliko. Kwa kawaida jarida hilo hulinda mpangilio wa mafaili, si yaliyomo. Mwaka 2009 watumiaji wa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ambao kompyuta zao zenye Ext4 zilizimika ghafla walikuta mafaili matupu.

"Mali bila daftari hupotea bila habari."
KWELI TUPU! Tena wahenga walitutangulia. Mwenye duka hafuti mstari wa jana ili aandike wa leo. Huongeza chini yake. SQLite, programu ya hifadhidata, ina hali ya WAL tangu 2010, nayo hufanya vivyo hivyo: badiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, baadaye huingizwa kwenye hifadhidata. Giza likiingia katikati, mstari usiokamilika hupuuzwa.

"Nina nakala, sina hofu."
SI KWELI, mpaka uwe umeijaribu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu, alifuta data kwenye seva asiyoikusudia. Njia tano za kulinda data zilikuwepo, zote zikawaangusha. Kilichowaokoa ni nakala ya saa 6 nyuma, iliyopigwa kwa mkono kwa shughuli nyingine kabisa.

Basi kabla mawingu hayajakusanyika, fungua nakala yako kwenye kompyuta nyingine, uhesabu vipuri kimoja kimoja.