Saa zetu zisipotee tena: sendika yajifunza kujenga ghala ya habari

Mwaka uliopita, mujane mumoja alikuja kutuona kwenye biro ya sendika hapa Kolwezi. Alikuwa na mutoto mugongoni na bahasha ya kaki mukononi. Alituuliza neno moja tu: «Ba papa delege, bwana yangu alitumika miaka ngapi?» Kwenye kampuni walimwambia miaka sita. Yeye anasema ni nane, juu mutoto wake wa kwanza alizaliwa ule mwaka bwana alipoingia kazi.

Tulifungua kabati. Kaye zetu zote zilikuwa mule, lakini mvua ilikuwa imepita kwenye manjanja. Kurasa zilishikana, wino ukawa maji ya buluu. Kaye ya miaka ile miwili njo iliyoharibika zaidi. Tulimwambia mama arudi kisha juma moja. Alirudi, na hatukuwa na jibu.

Ndugu watumikaji, ile siku tulisikia haya. Kila mwezi tunawaambia watu: «Chunga karatasi yako ya mushahara.» Na siye wenyewe hatukuchunga. Njo pale tuliamua: lazima tujue kazi ya ordinatere, na tusingojee mutu atoke Kinshasa ao Ulaya kuja kutufanyia.

Kitabu cha kuchanga

Tulikuwa watu watano. Wawili wanaendesha magari makubwa ya kubeba mawe, mumoja ni mutu wa umeme, mumoja ni fundi wa kulehemu, na wa tano ni mama, muke wa delege, anayechunga kaye ya likelemba ya wamama wa kartiye. Hakuna kati yetu aliyepita sekondari. Tulichanga franga, na mwenzetu aliyekuwa anaenda Lubumbashi akanunua kitabu cha Kifaransa kwa muuzaji wa vitabu vya zamani kando ya barabara. Ni kitabu cha wanaoanza, kinene sawa tofali, kinafundisha HTML, PHP na MySQL. Ordinatere tuliipata kwa mutoto wa mwenzetu anayesoma shule ya juu. Kibao chake cha kuandikia kilikosa herufi mbili.

Tulisoma Jumamosi saa kumi, ao Jumapili kisha misa, kufuatana na posti ya kila mumoja. Umeme ukikatika, tulisoma kitabu kwa sauti kwenye muanga wa telefone. Wale waliotoka posti ya usiku walisinzia. Tuliwaacha wasinzie.

Kwanza tulifikiri kwamba bila intaneti hatuwezi kufanya kitu. Hapana. Kuna programu ya bure inaitwa XAMPP. Ukiiweka, ordinatere yako inakuwa seriva yake yenyewe. Unaandika «localhost» pale juu, na ukurasa unafunguka bila kununua hata mega moja. Miezi yote ya mwanzo tulitumika vile.

Mudirisha, magazinye na magazini

Kitabu kinaeleza mambo matatu yenye majina matatu, na siye tulichanganyikiwa mpaka fundi wa kulehemu akasema: «Lakini ile ni magazini ya vyombo!» Ni kweli. Ukihitaji glovu ao kofia ya chuma, unafika ku mudirisha na bon yako. HTML njo mudirisha: kile mutu anachoona, mahali pa kuandika jina na tarehe. PHP ni magazinye: anachukua bon, anaangalia kama imejazwa vizuri, anaingia ndani. MySQL ni magazini yenyewe, na rafu zake na namba zake. Mutu wa inje haingii ndani. Anaomba, magazinye njo anamuletea.

Haya mambo si ya zamani sana. Muingereza Tim Berners-Lee alitoa wazo la kurasa zinazofungana mwaka 1989, alipokuwa anatumika CERN, karibu na Geneva. PHP ilianzishwa mwaka 1994 na Rasmus Lerdorf, mutu aliyezaliwa Greenland. Alitaka tu kujua nani anaangalia ukurasa wake wa kuombea kazi. MySQL ilitoka mwaka 1995, na Michael Widenius wa Finland aliipatia jina la binti yake, My. Tulipenda kusoma vile. Kumbe na wao walianza na shida ndogo ya nyumbani.

Matrikule ni ufunguo

Kile tulichodhani kitakuwa kigumu zaidi, njo tulikishika mbio. Ghala ya habari imejengwa kwa tablo: kolone na mistari, sawa kaye. Mwaka 1970, Edgar Codd, mutu wa hesabu wa kampuni ya IBM, aliandika kwamba habari ziwekwe katika tablo zinazojulishana, na kila mustari uwe na kitu kinachoutambulisha peke yake. Kitabu kinaita kitu kile ufunguo.

Siye watu wa mugodi tunajua ufunguo tangu siku nyingi. Unaitwa matrikule. Ukiita «Ilunga!» ku mulango wa kampuni, watu kumi watageuka. Ukiita namba ya matrikule, atageuka mumoja. Tulianza na tablo moja kubwa: jina, matrikule, tarehe, saa za kazi, ajali, vyote pamoja. Mama wa likelemba alitazama akacheka. «Munaandika jina la mutu mara mia? Ku likelemba, majina yako ukurasa wa mbele, mara moja. Kiisha kule nyuma naandika namba yake na franga aliyoleta.»

Tulifungua kitabu: alikuwa amesema kile kilichoandikwa katika mulango wa saba, na yeye hakuwa ameusoma bado. Tukagawanya tablo kwa tatu: watu, juma za kazi, ajali. Matrikule njo inaziunganisha. Mutu akibadilisha adresi, tunabadilisha mahali pamoja tu.

Sifuri na nafasi tupu

Sasa tunafika ku jambo lililotuogopesha, na tunaomba kila delege alisome vizuri.

Watumikaji wa kampuni moja ya sutretansi walikuwa wanalalamika juu ya saa za nyongeza. Sheria ya kazi ya 2002 inaweka kipimo cha saa 45 kwa juma. Wao walisema wanafanya 60 na wanalipwa 45. Tulikusanya karatasi zao na alama walizojiandikia wenyewe, tukaziingiza kwenye ghala mpya, na tukaomba ordinatere itupatie wastani wa kila mutu. Tulikuwa na furaha: mara ya kwanza tutaingia mukutano na hesabu iliyoandikwa na mashini.

Siku mbili mbele ya mukutano, dereva mumoja alitazama mustari wake. «Yaya, hii ni uongo. Inasema mimi ninatumika saa 45.»

Tuliangalia. Kwa ule mwezi alikuwa na juma tatu za saa 60. Juma ya ine, karatasi ilipotea. Yule aliyeingiza hesabu aliona nafasi tupu, akaweka 0. Saa 180 ukigawanya kwa ine, unapata 45 kamili. Mashini ilihesabu vizuri. Siye njo tulimudanganya. Kama tungeingia vile, tungebeba wenyewe karatasi inayosema kwamba yule dereva hakufanya hata saa moja ya nyongeza.

Tulirudi kwenye kitabu usiku ule ule. Kuna neno NULL. Maana yake si sifuri. Sifuri ni habari: mutu alikuwa konje, hakutumika, tunajua. NULL ni kusema: hapa hatujui. Na MySQL ikitafuta wastani, inaruka NULL, haiihesabu. Tulisahihisha mistari yote iliyoharibika vile, na wastani wa dereva ukarudi 60.

Mutu wa umeme, baba yake alitumika chini ya ardhi, alitukumbusha ubao wa jetoni. Mbele ya kushuka, kila mutu anatundika jetoni yake, akipanda, anaiondoa. Jetoni ikibaki pale mwisho wa posti, hakuna shefu anayesema «ule mutu ametoka». Anasema «sijui ule mutu yuko wapi», na watu wanashuka kumutafuta. NULL ni ile jetoni. Usiiondoe kabla ya kumuona mutu.

Kiisha tuliacha wastani kabisa. Tulipeleka orodha ya juma kwa juma, mutu kwa mutu, na pale hatujui tuliandika «karatasi haiko». Ku mukutano, bwana wa upande wa kampuni alitafuta kosa. Alipoona nafasi tupu zimeandikwa wazi, aliuliza: «Na hizi?» Tulijibu: «Hizi munazo nyinyi. Sheria inawataka mutoe karatasi ya hesabu kila munapolipa. Tunaomba muzilete.» Alinyamaza kidogo. Kwa sehemu ya ile miezi, saa zimekubaliwa na zimelipwa. Sehemu nyingine ingali kwa inspekta wa kazi. Hatutasema tumeshinda mpaka zote zilipwe.

Siku tulipofuta vyote

Tusidanganye wasomaji, tulifanya makosa mengine. Mumoja wetu alitaka kufuta mustari mumoja. Aliandika amri ya DELETE, akasahau sehemu ya WHERE, ile inayosema «ni huyu tu». Ordinatere haikuuliza kama ana hakika. Ilifuta tablo nzima ya ajali. Kazi ya juma tatu iliisha mbele ya pumzi moja.

Kaye za karatasi njo zilituokoa. Tuliandika upya usiku nne. Tangu pale tuna sheria mbili. Ya kwanza: mbele ya kufuta, uliza. Andika SELECT na WHERE ile ile, uone mistari inayotoka. Kama ni mumoja na njo ule unaotafuta, basi futa. Ya pili: kila Jumapili tunafanya kopi kwenye flashi mbili, na zinalala nyumba mbili tofauti. Kaye hatujatupa. Karatasi haina virusi, na kopi zinazolala nyumba mbili haziharibiki zote na mvua ya manjanja moja. Acha vifanye kazi pamoja.

Majina ya watu ni damu ya watu

Vijana wengi wanatuuliza: «Juu ya nini hamuweki kwenye intaneti, kila mutu aone hesabu yake kwa telefone?» Wazo ni zuri, lakini hatujafika pale.

Orodha ya sendika si orodha ya mpira. Ikianguka katika mikono mibaya, mutu anaweza kukosa kontra mpya na hatajua sababu. Na tulivyosoma tuliona namna mulango unaweza kubaki wazi. XAMPP, vile inavyotoka, mukubwa wa ghala hana neno la siri. Imetengenezwa kwa kujifunza. Siye tulitumika miezi minne hivyo bila kujua. Pia, kama PHP inachukua kile mutu ameandika ku mudirisha na kukitia ndani ya amri bila kukitenganisha, mwizi anaweza kuandika amri yake pale pa kuandika jina, na magazini itamutii. Kitabu kinafundisha kutayarisha amri kwanza na kuleta maneno ya mutu kisha, pembeni. Tunajifunza. Mpaka tujue vizuri, ile ordinatere haiungwi na intaneti, na neno la siri linajulikana na watu wawili.

Tunachoomba

Leo ghala yetu ni ndogo. Ukurasa wake si muzuri, rangi zake zinauma macho, wamama wanatucheka. Lakini mutu akifika na matrikule yake, tunamuonyesha juma zake zote tunazojua, na zile tusizozijua tunamuambia.

Yule mujane tulimuita tena. Tuliingiza kila kitu kilichokuwa katika bahasha yake: kadi ya hospitali ya kampuni, karatasi kumi na moja za mushahara, picha moja ya ekipe yenye tarehe nyuma. Ile picha ni ya mwaka ambao kampuni inasema bwana yake hakuwa ameingia bado. Kwa sasa mustari wake una miaka saba yenye alama, na mwaka mumoja wa NULL. Faili imeenda kwa inspekta wa kazi.

Kwa hiyo ndugu, na zaidi wamama, kwa kuwa munajua kila karatasi iliyo chini ya godoro: angalieni. Karatasi ya mushahara, kontra, bon ya konje, kadi ya hospitali, hata picha. Leteni kwenye biro Jumamosi kisha saa kumi. Tunaandika mbele yenu na tunawarudishia karatasi yenu papo hapo. Na kama kuna mutu alitumika ile ekipe pamoja na bwana wa yule mama katika ule mwaka unaokosekana, aje atuone. Nafasi yake ingali tupu, na hatutaweka sifuri.