Fizikia Bila Msingi wa Sekondari: Inawezekana, Ila Anza na Hesabu

Kila muhula mpya unapokaribia, swali hili hurudi katika mikutano ya chama chetu: je, mtu ambaye hakusoma fizikia sekondari anaweza kuichukua hapa chuoni na akafaulu? Wanaouliza si wachache. Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4, wengi wetu tulipofika kidato cha tatu tulibaki na biolojia na kemia, fizikia tukaiaga. Tanzania nako, kwa miaka mingi biolojia ilikuwa ya lazima hadi kidato cha nne, lakini fizikia mtu aliweza kuiacha baada ya kidato cha pili. Leo tuko Marekani, na anayetaka udaktari au uhandisi anaikuta fizikia imemsubiri mlangoni.

Jibu letu ni ndiyo, inawezekana. Kozi ya utangulizi huanzia mwanzo kabisa: mwendo, kani, nishati. Tena hatuko peke yetu. Wamarekani wengi pia humaliza sekondari bila kuisoma, kwa kuwa shule nyingi haziilazimishi. Lakini kozi inayoanza sifuri kwa fizikia haianzi sifuri kwa hesabu, na hapo ndipo wengi hukwama.

Mwaka 2007 watafiti Philip Sadler na Robert Tai walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti juu ya maelfu ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Waliosoma fizikia sekondari walifanya vizuri zaidi katika fizikia ya chuo, jambo ambalo halishangazi. Lakini waliosoma hesabu kwa wingi walifanya vizuri zaidi katika masomo yote matatu: biolojia, kemia na fizikia.

Tuchukue mfano. Daladala inakwenda kilomita 72 kwa saa. Dereva anakanyaga breki, na kasi inapungua mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Itasimama baada ya muda gani, na umbali gani? Kwanza badili vipimo: kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde. Gawa 20 kwa 5, unapata sekunde 4. Wastani wa kasi tangu breki hadi kusimama ni mita 10 kwa sekunde, hivyo umbali ni mita 40. Fizikia hapo ni wazo moja tu, kwamba kasi inapungua kwa kiwango kile kile. Yaliyobaki ni hesabu ambazo wengi wetu tulizifanya kabla ya kidato cha tatu.

Kwa hiyo, wiki tatu kabla ya muhula, acha kitabu cha fizikia na urudie mambo manne: kubadili vipimo, kuhamisha herufi katika mlinganyo, saini na kosaini za pembetatu yenye pembe mraba, na namba zenye vipeo vya kumi. Katika vipimo tuna nafuu kidogo. Mwenzako wa Marekani amekulia kwenye maili na pauni, wewe umekulia kwenye mita na kilo, na kozi hutumia mita na kilo.

Kikwazo cha pili ni maneno. Nyumbani neno "nguvu" linabeba mambo mengi. Darasani, kani ni kitu kimoja, nishati ni kingine, na kasi ya kufanya kazi ni kitu cha tatu. Ukisukuma ukuta mpaka ukatoka jasho, na ukuta usisogee, umetumia kani lakini ukuta hukuufanyia kazi yoyote. Vivyo hivyo "uzito": unga wa kilo 50 dukani una tungamo la kilo 50, lakini uzito wake ni kama nyutoni 490. Upeleke mwezini, kilo zitabaki zile zile, na uzito utashuka hadi karibu moja ya sita.

Rudi tena kwenye ile daladala. Breki zikishikwa, abiria husema wamesukumwa mbele. Hakuna aliyewasukuma. Miili yao ilikuwa ikienda, nayo ikaendelea kwenda huku gari likipunguza mwendo. Wazo hili huwasumbua hata waliosoma fizikia miaka minne, kwa hiyo usidhani ni wewe tu uliyeachwa nyuma.

Kabla ya kujiandikisha, muulize mshauri wako wa masomo ni kozi ipi unayotakiwa kusoma. Vyuo vingi vina mbili: moja hutumia aljebra na trigonometria, nyingine hutumia kalkulasi. Wahandisi kwa kawaida hutakiwa kusoma hii ya pili. Ukikosea kuchagua, huenda ukalazimika kurudia kozi, na ada ni yako.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Wiki mbili za kwanza huonekana nyepesi, kisha mwendo hubadilika ghafla. Fanya maswali kila siku, hata mawili tu, na uende kwa profesa katika saa zake za kupokea wanafunzi mapema, kabla ya mtihani wa kwanza na si baada yake.

Na mtihani huo ukienda vibaya, usijiondoe kwenye kozi kwa hasira. Mwenye viza ya F-1 anayesoma shahada ya kwanza kwa kawaida hutakiwa kuwa na krediti zisizopungua 12 kwa muhula. Ukishuka chini ya hapo bila ruhusa, unahatarisha viza yenyewe, wala si alama tu. Pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Meza yetu ya masomo hukaa maktabani kila Alhamisi jioni. Njoo na swali lililokushinda, pamoja na karatasi uliyojaribia. Tutaanza pale ulipokwama.