Safari ya Mwezini Iliyoanzia Zambia

Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, mwaka 1964 Zambia ilipopata uhuru, mwalimu aitwaye Edward Makuka Nkoloso alitangaza kwamba Wazambia watawatangulia Wamarekani na Warusi kufika mwezini. Wanafunzi wake, akiwamo Matha Mwamba, binti wa miaka 17, aliwaviringisha mteremkoni ndani ya pipa la mafuta ili wazoee kuelea. Aliiomba UNESCO pauni milioni 7, asipewe kitu. Magazeti ya nje yalicheka, na kwa miaka mingi kilichobaki ni kicheko hicho.

Wasanii ndio walioirudia habari hiyo kwa jicho jingine. Mhispania Cristina de Middel aliitolea kitabu cha picha, The Afronauts, mwaka 2012. Nuotama Bodomo akaitengenezea filamu fupi mwaka 2014. Na mwaka 2019 Mzambia Namwali Serpell akaiingiza katika riwaya yake, The Old Drift. Picha za de Middel zinapendeza, ila mavazi yanammeza Nkoloso mpigania uhuru. Serpell amezama zaidi. Alifuatilia maisha ya Nkoloso: askari wa mkoloni katika Vita ya Pili ya Dunia, kisha mfungwa wa mkoloni huyohuyo. Mtu wa historia hiyo akitangaza safari ya mwezini, huenda anawadhihaki wenye roketi. Au ana nia kweli. Au yote mawili. Kwa vyovyote, sanaa hii ina uzito pale tu inapoichukua ndoto yake kama dai la kisiasa, kwamba aliyetawaliwa jana hapangiwi upeo wa kesho yake.

Mkazi wa Mbozi, wilaya yenye kimondo kinachokadiriwa kuwa na tani 16, anaweza kuuliza: kijiji hakina maji, mwezi wa nini? Anauliza kwa haki. Nyerere naye aliweka vijiji mbele. Lakini nani alikuwa akiamua lipi linawezekana? Benki ya Dunia ilikataa kugharimia reli ya Zambia hadi Dar es Salaam, ikidai reli hiyo haitaleta faida. China ikakopesha, na mwaka 1975 kilomita 1,860 za TAZARA zilikuwa zimekamilika, zikipita Tunduma. Hilo halimpi Nkoloso roketi. Pipa halirushi mtu. Reli hiyo inaonyesha tu kwamba hesabu za wakubwa hazikuwa sheria ya maumbile. Angani, hata hivyo, zana zilibaki mikononi mwao: tarehe 12 Desemba 1970, baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, kwa heshima ya siku ya uhuru wa Kenya. Jina lilikuwa letu. Chombo kilikuwa cha Wamarekani, na jukwaa la Waitaliano.