Stuli ya bibi na kitabu kisicho na jalada

Mama mkwe wangu alianguka Jumamosi moja ya Desemba akiwa anachambua maharage jikoni. Stuli aliyokalia ilikuwa haijamaliza hata mwaka. Mguu mmoja ulichomoka, misumari miwili ikabaki imetokeza, na bibi akafikia sakafuni kwa kishindo. Tunamshukuru Mungu hakuvunjika mfupa. Lakini kwa wiki mbili alitembea ameshika ukuta, na kwa mtu wa miaka 76 hilo si jambo la kuchekea.

Stuli hiyo niliinunua mwenyewe, kando ya barabara, kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu. Nikamwita mwanangu aiongeze misumari. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi mmoja kabla, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Mzazi yeyote wa hapa Kihesa mwenye kijana wa umri huo anajua kusubiri matokeo kukoje. Ni simu mkononi tangu asubuhi mpaka giza liingie.

Aligonga misumari minne. Siku ya tatu stuli ikaanza tena kucheza. Ndipo alipoingia stoo akatoka na kitabu cha marehemu mjomba wake, aliyesomea useremala zamani. Kitabu hakina jalada, kimeandikwa kwa Kiingereza, na kurasa zake zina madoa ya gundi. Kinafundisha kuunga mbao kwa mbao, hatua kwa hatua, kwa michoro.

"Mama," akaniambia, "hapa wanasema msumari kwenye kichwa cha mbao haushiki."

Nilikuwa nimeshaulizia ada ya kozi ya kompyuta mjini. Nikamjibu kwamba wenzake wanajifunza mambo ya maana, yeye anataka kurudi kwenye patasi. Leo naandika haya kwa sababu katika hilo nilikosea, na huenda kuna mzazi mwingine anayekosea vilevile.

Msumari unashika wapi?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo jioni nilikaa naye tukasoma pamoja, nikimsaidia maneno magumu. Jambo la kwanza tulilojifunza ni hili. Mbao ni nyuzi nyingi zilizolala kuelekea upande mmoja, kama fungu la majani ya kuezekea. Ukipiga msumari ubavuni mwa mbao, unapita katikati ya nyuzi na nyuzi zinaubana. Ukiupiga kichwani, pale mbao ilipokatwa, msumari unalala sambamba na nyuzi na hauna kitu cha maana cha kushika. Kila mtu akikaa na kujitikisa, tundu linapanuka kidogo. Gundi nayo ni hivyo hivyo, haishiki vizuri kwenye kichwa cha mbao.

Dawa yake ni ya zamani sana. Mwisho wa kipande kimoja unachongwa ulimi, na kipande cha pili kinatobolewa tundu la kuupokea. Mafundi wetu wengi husema tu dume na jike. Ubavu wa ulimi unagusana na ubavu wa tundu, kwa hiyo gundi inapata mahali pa kushika, na uzito wa mkaaji unabebwa na mbao yenyewe. Viti vya enzi vya pwani, vile vya Lamu na Zanzibar tunavyoviona makumbusho, viliungwa kwa ndimi na matundu.

Tundu kwanza, ulimi baadaye

Mwezi wa Januari alinunua papi kumi, yaani mbao za mbili kwa mbili, pamoja na patasi ya nusu inchi. Hela ilitoka kwenye ile niliyotenga kwa kozi. Msumeno, randa na skwea tuliazima kwa jirani.

Kitabu kilimwagiza aanze kwa kuchagua pande mbili nzuri za kila kipande, azinyooshe kwa randa, aziwekee alama, na vipimo vyote avichukue kutoka kwenye pande hizo tu. Kisha achore kwa ncha ya kisu. Mstari wa penseli una unene, na unene huo ndio ulimi kucheza.

Papi ikishapigwa randa inabaki kama inchi moja na nusu. Kanuni ya kitabu ni kwamba ulimi uwe theluthi moja ya unene, kwa hiyo nusu inchi, sawasawa na upana wa patasi yake. Tundu linatangulia kuchongwa, kwa sababu kupunguza ulimi uliozidi ni rahisi kuliko kurekebisha tundu lililoharibika. Wakati wa kukata ulimi, msumeno unapita upande wa mbao inayotupwa, na mstari unabaki.

Kwenye karatasi yote hayo ni dakika kumi. Ulimi wa kwanza ulitoka mwembamba, ukageuzwa chini ukadondoka. Wa pili ulikuwa mnene, akaulazimisha kwa nyundo, mguu ukapasuka kuanzia juu mpaka katikati. Alikaa kimya siku nzima. Mimi nilikuwa nahesabu papi zilizobaki.

Kesho yake alikirudia kitabu, akaona mstari alioruka. Tundu linapokuwa karibu na kichwa cha mguu, mguu ukatwe mrefu kwa inchi moja zaidi. Kile kipande cha ziada kinauzuia usipasuke, na kinakatwa gundi ikishakauka. Alijifunza pia kwamba kiungo kizuri kinaingia kwa kusukumwa na mkono na kumaliziwa kwa kugongwa taratibu. Kikihitaji nguvu, kitapasua. Kikidondoka chenyewe, hakitashika.

Palikuwa na ugumu mwingine. Kwenye stuli kila mguu unapokea ndimi mbili, moja kila upande, na zinagongana ndani. Kitabu kilimwonyesha azikate ncha kwa mshazari, zikutane kama viganja vya mtu anayesali. Jeki za kubania hatukuwa nazo, akatumia mipira ya ndani ya tairi la pikipiki, iliyokatwa vipande virefu na kuzungushwa mara nyingi. Kabla gundi haijashika alipima kutoka pembe hadi pembe, akahakikisha vipimo vyote viwili vinalingana.

Katikati ya kazi hiyo matokeo yalitoka. Alifaulu. Tulishangilia, tukapika wali, na jioni yake akarudi uani kwenye mbao zake.

Machi stuli ilikamilika. Bibi aliikalia, akajitikisa makusudi huku akituangalia, akacheka. Nami nikasema basi, kijana amejua.

Ukurasa usiokuwamo

Juni ilipofika na upepo wake mkavu, ule unaotufanya watu wa Iringa tuvae masweta mawili, stuli ikaanza kulia. Kwanza ilikuwa sauti ndogo. Baadaye viungo viwili vikaanza kucheza. Bibi hakusema lolote, ila nilimwona anaikalia nusunusu, mkono mmoja mezani.

Orodha ya waliochaguliwa kidato cha tano ilikuwa imetoka na mwanangu alipangiwa shule ya bweni. Zilibaki wiki chache aondoke.

"Piga msumari mmoja mmoja tu, baba," nikamwambia. "Bibi anahitaji mahali pa kukaa."

"Mama, msumari ndio uliomwangusha."

Aliibeba stuli mpaka kwa fundi mmoja mzee mwenye banda lake kando ya barabara ya kwenda Dodoma. Nilimfuata. Kijana akaamkia, akaeleza, akatoa kitabu. Mzee hakukifungua. Aliipindua stuli, akatikisa ulimi mmoja, akauliza, "Mbao ulinunua lini, ukachonga lini?"

"Nilinunua Januari, nikaanza wiki hiyohiyo."

"Hukuchonga mbao. Umechonga maji."

Akatueleza taratibu. Paini inayouzwa hapa mjini nyingi inatoka Mufindi, kwenye shamba la Serikali la Sao Hill na kwenye mashamba ya wananchi. Inapasuliwa, inapakiwa kwenye lori, na mara nyingi inafika ikiwa bado mbichi. Mbao ikikauka inasinyaa, na inasinyaa kwa upana na unene, si kwa urefu. Ulimi uliobana wakati wa masika unakuwa mwembamba kiangazi kikiingia. Kitabu hakikudanganya. Kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaonunua mbao iliyokwisha kukaushwa, kwa hiyo sura ya kungoja hakikuiandika.

Mzee alitupa njia ya kujua mbao imekauka. Kata kipande, kipime uzito, andika. Baada ya wiki pima tena. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari kwa hewa ya mahali hapo.

Kwa bahati papi nne zilikuwa zimebaki stoo tangu Januari, zimelazwa juu ya vijiti. Alikata kipande cha nusu mita, akaenda kukipima kwenye mzani wa dukani kwa jirani. Gramu 655. Wiki iliyofuata gramu 630. Kisha 622. Kisha 621. Muuza duka akawa ananiuliza kama kijana wangu ameanza biashara ya mbao za kupima kwa kilo.

Ziliposalia siku tisa aondoke, alianza stuli ya pili. Ile ya kwanza ilimchukua zaidi ya mwezi. Hii aliimaliza kwa siku sita, na hakupasua kitu. Mzee alimwongezea jambo moja. Toboa tundu dogo kupitia kiungo, upitishe kijiti cha mti mgumu uliokauka vizuri, ili hata gundi ikichoka siku moja, ulimi usitoke.

Kwa mzazi anayetaka kuanza

Kama una kijana nyumbani anayesubiri matokeo, au msichana, maana patasi haichagui, haya ndiyo niliyojifunza nikiwa mtazamaji.

Nunua mbao kwanza, mwongozo usomwe mbao zikikauka. Zipange kivulini, mahali penye hewa, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti vya unene mmoja, na zisiguse ardhi. Usizianike juani, zitapinda na kupasuka vichwa. Papi za paini zinaweza kuchukua miezi, na mbao nene na ngumu kama mninga zinahitaji muda mrefu zaidi. Mzani utakwambia.

Vifaa vya kuanzia ni vichache: msumeno wenye meno madogo, patasi moja iliyonolewa vizuri, skwea, kisu, randa ya kuazima na nyundo ya mbao. Patasi butu ni hatari kuliko kali, kwa sababu inalazimisha mtu kutumia nguvu na ndipo inapoteleza. Mkono usiochonga usikae mbele ya patasi hata mara moja.

Aanze na kiungo kimoja cha majaribio, halafu akikate katikati kwa msumeno aone ndani kulivyo. Mwanangu alikata vitano. Na kabla hajabeba kazi yake kwa fundi, ajue kwamba fundi ataona kosa haraka kuliko kitabu, na ampe shikamoo na muda wake.

Mzazi naye akae karibu, asome anapoombwa, na mbao zikipasuka asizihesabu kwa sauti.

Sasa ni Novemba. Stuli imemaliza kiangazi chote jikoni, karibu na jiko la mkaa, mahali pakavu kuliko pote ndani ya nyumba. Wiki iliyopita niliipindua nikatikisa miguu yote minne. Hakuna uliocheza. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu akiningoja nimalize, kisha akaivuta kwake, akakaa uzito wote, na kuendelea kuchambua maharage.

Stoo kuna papi sita nilizozinunua mwenyewe mwezi wa saba, zimelala juu ya vijiti, na kipande cha kupimia nimekiandika tarehe kwa penseli. Bibi anataka meza ndogo ya kuwekea redio. Nimemwambia angoje kijana afunge shule Desemba. Amenijibu kuwa hana haraka, mradi mbao zikauke.