Deni la katekista na sanduku la akiba

Tunataka kusema leo juu ya jambo moja lisilofundishwa sana katika seminari, na ambalo hata hivyo linavunja kazi ya wengi: deni. Katekista akidaiwa na mtu wa shirika lake, siku ya mafundisho atamwonea haya mtu yule. Nyuma ya miezi michache ataanza kukosa mikutano. Mwishoni watu watasema kwamba bidii yake imepoa, kumbe anakimbia tu uso wa yule anayemdai. Padri naye akikopa kwa mfanya biashara wa parokia, hataweza tena kumwonya kwa uhuru. Basi, wasomaji wapenzi, tusione haya kuhesabu feza pamoja kwa saa moja.

Deni linaingia nyumbani kwa milango ile ile kila mwaka: ugonjwa, matanga, na mwezi wa 9 masomo yanapofunguliwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2019 masomo ya msingi ya serikali hayalipishwi tena. Lakini sekondari inalipwa, na kuna nguo, na buku, na viatu. Ugonjwa hautoi habari mbele. Mwezi wa 9 unatoa habari miezi 11, na bado unatukuta kama mwizi wa usiku. Tunasema hivyo bila ukali, kwani posho ya katekista ni kidogo, na pahali pengi hakuna posho hata kidogo. Lakini kwa sababu feza ni kidogo, kosa moja la hesabu linamwumiza maskini kuliko tajiri.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Katika miji yetu kuna watu wanaokopesha upesi, bila karatasi nyingi. Kinshasa na Bukavu kazi hiyo imepewa jina la mzaha, «Banque Lambert», kwa kufuata banki moja ya kale ya Ubelgiji. Wamoja wanataka nyongeza ya 20 juu ya 100 kwa mwezi, wengine 30, wengine hata 50. Mkopaji anasikia «30» na kufikiri kwamba ni kitu kidogo. Tuchukue franka 100,000 kwa riba ya 30 juu ya 100 kila mwezi. Ikiwa hakulipa kitu, na riba inaongezwa juu ya deni, mwisho wa mwezi wa kwanza anadaiwa 130,000. Mwezi wa pili 169,000. Mwezi wa tatu 219,700. Deni limekwisha kupita mara mbili, na mtoto hajamaliza hata muhula wa kwanza. Au tuseme ni mtu mwaminifu, kila mwezi anapeleka riba yake ya 30,000. Nyuma ya miezi 6 ametoa 180,000, na zile 100,000 za mwanzo zingali zinamngojea zote. Huyu ndiye tunayemhurumia zaidi, kwani anafikiri kwamba analipa, na kumbe hajapunguza hata franka moja.

Kwa hiyo mtu asiulize tu «riba ni ngapi?» Aulize: ni kwa mwezi au kwa mwaka? Inahesabiwa juu ya feza ya mwanzo, au juu ya feza inayobaki? Swali hili la mwisho hata wasomi wanalisahau, na linafaa kulipwa bei. Mtu akikopa 100,000 kwa miezi 10, kwa riba ya 3 juu ya 100 kwa mwezi, na riba ikishikwa juu ya feza ya mwanzo, atatoa 13,000 kila mwezi, na riba yote itakuwa 30,000. Riba ile ile ya 3, ikihesabiwa juu ya deni linalobaki baada ya kila malipo, itakuwa 16,500 tu. Namba ya karatasi ni moja, mfuko unaona mbili. Tena aulize juu ya garama ya kufungua karta, na juu ya feza anayolazimishwa kuacha pale kama zamana. Mkopeshaji asiyetaka kujibu maswali haya amekwisha kujibu.

Juu ya rehani tuseme neno moja. Sheria ya Musa (Kumbukumbu la Sheria, sura ya 24) ilikataza kutwaa jiwe la kusagia kama rehani, kwani ni kutwaa uzima wa mtu. Mashine ya kushona, kinga ya fundi, jembe, udongo wa shamba: hivi ni mawe ya kusagia ya siku zetu. Katekista asiviweke rehani kwa deni la sikukuu.

Na yule ambaye amekwisha kuingia? Soma tena habari ya mjane katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Mdai alikuwa anakuja kutwaa watoto wake wawili kuwa watumwa. Katika mahubiri tunasimama daima juu ya mujiza wa mafuta, na tunapita upesi juu ya agizo la Elisha, ambalo ni agizo la mtu anayejua mambo ya nyumba: auze, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kinachobaki. Wengi wetu tunageuza mstari: tunaishi kwanza, tunalipa kwa kile kinachobaki, na hakibaki kitu. Tena Elisha alianza kwa kumwuliza ana nini nyumbani. Basi mwenye deni aandike yote kwenye karatasi moja, mke wake akiwapo: nani, ngapi, riba gani, siku gani. Deni lenye riba kali ndilo lishambuliwe kwanza, hata kwa kuuza mbuzi. Yale yasiyo na riba, ya ndugu na rafiki, yapewe kitu kidogo kila mwezi, kusudi wajue kwamba hawakusahauliwa. Na aende kwa mdai mbele ya siku kufika, asingoje nyuma. Mdai aliyeonywa juma moja mbele mara nyingi anakubali kugawa malipo. Yule aliyefichwa anakwenda kwa chefu.

Kuna mlango mmoja ambao sherti ubaki umefungwa: sanduku la parokia na sadaka za misa. Hakuna neno «nimeazima tu» katika feza isiyo yetu. Kanuni 1284 inawaagiza walinzi wa mali ya Kanisa kuandika vema feza inayoingia na inayotoka, na kulipa kwa siku yake riba ya mkopo. Nayo kanuni 285 inakataza makleri kuwa wazamini wa deni, hata kwa mali yao wenyewe, bila kuuliza kwanza Askofu wao. Mapadri wachanga wanaipita kanuni hii bila kuijua. Mkristu anakuja na karatasi: «Padri, tia tu mkono hapa, ni kwa kunishuhudia.» Siyo kushuhudia. Siku ile mkristu akihamia Kolwezi, mkono ule ndio utakaolipa. Kumjibu kwamba kanuni hainipi ruhusa ni jibu la kweli, na linaokoa urafiki.

Tufike sasa kwa kuongeza mapato. Hapa wengi wanaota juu ya biashara kubwa, nasi tungependa wangalie kwanza kile kinachowaponyoka. Katika vijiji vyetu vya Kivu, mtu mwenye shida anauza maharagwe yangali mbichi shambani, kwa bei ya hasara. Au anayauza yote juma la mavuno, wakati kila jirani anauza na bei imeanguka. Kisha miezi michache mbele anayanunua tena sokoni kwa bei ya juu, kwa kula na kwa kupanda. Mtu huyu amekopa bila kujua, na riba yake yaweza kupita ile ya «Banque Lambert». Kama angeweza kutunza hata mifuko 2 kati ya 5, angepata faida pasipo kulima zaidi. Adui ni wadudu wanaotoboa mbegu. Dawa rahisi ni kukausha sana, kuchambua, kujaza bidoni safi na kavu mpaka juu, na kuifunga kabisa hewa isiingie. Mdudu akikosa hewa anakufa. Bidoni ifunguliwe tu siku ya haja, kwani kila kufungua ni kumrudishia pumzi. Kuku na sungura vinasaidia pia, sungura hasa, kwani mimba yake ni ya siku 31 hivi na chakula chake ni majani. Lakini ugonjwa ukiingia unaweza kumaliza kibanda kizima kwa juma moja. Asianze na 20. Aanze na 3.

Mapadri wanatuuliza kama nao wanaweza. Kanuni 286 inawakataza makleri kufanya biashara bila ruhusa ya wakubwa halali. Walimu wa sheria wameeleza tangu zamani kwamba kununua vitu kwa kuviuza tena na faida ndiko biashara hasa; kuuza mazao ya bustani yake mwenyewe siko. Padri mwenye migomba na alale kwa amani. Padri mwenye magari matatu ya kukodisha na amwone Askofu wake.

Inabaki akiba, na hapa inchi yetu imetufundisha kwa fimbo. Mwezi wa 12 wa 1979 serikali iliondoa gafula noti za zaïre 5 na 10. Watu walipewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kipimo, na waliokuwa wametunza noti chini ya kitanda walibaki na karatasi. Mwaka wa 1994 bei zilipanda kupita 9,000 juu ya 100, na hao walioamini karta ya banki walipotea vilevile. Franka ya sasa ilianza mwezi wa 6 wa 1998. Wakati ule dolari moja haikufika franka 2, na mwaka wa 2024 ilipita 2,700. Basi feza ya miezi michache yaweza kukaa feza. Ile ya miaka ikae katika vitu: manjanja yanayonunuliwa mawili mawili kwa nyumba itakayojengwa, mbuzi, shamba lenye karatasi halali. Mbuzi anaweza kufa, tunajua. Lakini anazaa pia, na noti hatujaona inazaa.

Au tuseme: iliwahi kuahidi kuzaa. Mwaka wa 1991 Kinshasa yote ilikimbilia nyumba iliyoitwa Bindo Promotion, iliyoahidi kurudisha feza mara nyingi nyuma ya majuma machache. Wa kwanza walilipwa kweli, kwa feza ya wale waliokuja nyuma yao. Mwaka ule ule ikaanguka, na wengi waliokuwa wameuza vyombo vya nyumba walilia. Leo habari za namna hiyo zinapita katika telefone, na bado zinaletwa na rafiki aliyelipwa mara moja.

Likelemba, ambayo Kivu wengi wanaita likirimba, haidanganyi mtu. Watu 10 wanatoa 10,000 kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea 100,000. Lakini tuone vema: wa kwanza amepewa mkopo wa bure, wa kumi ameweka akiba bila faida, na bei zikipanda yeye ndiye anayepoteza. Kwa hiyo zamu zigeuzwe kila mzunguko, aliyekuwa wa mwisho awe wa kwanza. Na kikundi kisipite watu wanaojuana nyumba kwa nyumba.

Bora zaidi, kwa maoni yetu, ni sanduku la umoja linaloitwa MUSO katika Kivu ya Kusini. Lina mifuko mitatu yenye rangi. Wa kijani ni wa akiba, nao unakopesha wenzi kwa riba ndogo. Mwekundu ni wa ugonjwa na matanga, na feza yake inatolewa pasipo kurudishwa. Wa bluu ni wa feza inayotoka nje, kwa banki au kwa wafazili. Uzuri wake ni ule mwekundu: kwa kutoa kitu kidogo kila mkutano, mtu anafunga milango miwili ile tuliyoitaja mwanzoni, na hahitaji kumwendea mkopeshaji usiku.

Wamoja wanauliza kama riba ya mfuko wa kijani si zambi. Swali hili ni la kale. Mwaka wa 1462, kule Perugia katika Italia, Wafransisko walisimamisha sanduku la kukopesha maskini kwa rehani, na kwa kulipa watumishi wake walidai kitu kidogo. Wanateolojia walibishana kwa miaka mingi, mpaka Papa Leo X, katika Mtaguso wa tano wa Laterano, mwaka wa 1515, akakubali kwamba malipo yale ya garama si riba mbaya. Katika MUSO tena faida inarudi kwa wenzi wenyewe.

Shida kubwa iko katika funguo. Vikundi vizuri vinatia kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu, na mlinzi wa sanduku asiwe mmoja wao. Linafunguliwa mbele ya wote tu, kila mmoja akisikia hesabu yake kwa sauti. Mara nyingi wakristu wanaomba sanduku lilale kwa mapadri, kwani nyumba ina ukuta na zamu. Lilale. Lakini padri asishike ufunguo hata mmoja, asikope ndani yake, na akihamishwa, wenzi wote wahesabu mbele yake kabla hajapanda gari.