Kutoka masijala hadi ukatibu wa mbali: Kazi inayowafaa makarani wastaafu wa Rumonge

Shehena ya chumvi ya Uvinza inaweza kuvuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hadi Rumonge salama, kisha ikakwama bandarini kwa sababu jina la mnunuzi kwenye ankara halifanani na lile lililosajiliwa kwenye namba yake ya mlipakodi. Boti inasubiri, wapakuzi wanasubiri, na mteja wa Bujumbura aliyeahidiwa mzigo anaanza kutafuta muuzaji mwingine. Kosa la aina hiyo, karani aliyekaa miaka 25 masijala hulibaini kwa kutupa jicho mara moja.

Karani huyo akistaafu, au mkataba wake ukiisha, ujuzi wake hubaki nyumbani bila kazi wakati wafanyabiashara wa mwambao huo huo wanaendelea kupata hasara kwa sababu ya karatasi. Kazi inayoweza kuwakutanisha ni ile ya katibu wa mbali.

Katibu wa mbali ni nani?

Ni mtu anayefanya kazi za ofisi kwa ajili ya wateja kadhaa bila kukaa katika ofisi zao. Hutumia simu, barua pepe na kompyuta. Kazi hii ilianza kujulikana Marekani katika miaka ya 1990, intaneti ilipoingia majumbani. Tofauti yake na ajira ya kawaida ni kwamba katibu huyu hana mwajiri mmoja, ana wateja. Hapati mshahara bali hutoa ankara yake mwenyewe, na mteja asiporidhika huondoka mwezi unaofuata.

Tofauti hiyo ndiyo inayowasumbua wengi waliotoka serikalini au katika makampuni makubwa. Ofisini kazi huletwa mezani. Nje ya ofisi mtu huitafuta, huitaja bei na huifuatilia malipo.

Kwa nini Rumonge?

Rumonge iko kusini mwa Bujumbura, zaidi ya kilomita 70 kwa barabara inayofuata ziwa. Ng'ambo, upande wa Kongo, kuna Baraka. Kusini zaidi kuna Nyanza-Lac, kisha Tanzania na bandari ya Kigoma, ambako reli ya kutoka Dar es Salaam inaishia. Mwambao huo unajulikana kwa mawese, mukeke na dagaa, ambao Warundi huwaita ndagala.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Hivyo pande zote tatu zinazofanya biashara hapo sasa ni wanachama wa jumuiya moja. Hata hivyo, lugha za karatasi hazijawa moja. Nyaraka za Burundi na Kongo huandikwa zaidi kwa Kifaransa, za Tanzania kwa Kiingereza na Kiswahili, na mazungumzo ya bei bandarini hufanyika kwa Kiswahili. Karani wa Rumonge aliyeandika barua za Kifaransa maisha yake yote, anayeongea Kirundi nyumbani na Kiswahili sokoni, ana mtaji ambao katibu wa Nairobi au Dar es Salaam hana.

Sababu ya pili ni safari. Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi katika miaka ya karibuni umefanya kwenda Bujumbura kufuatilia barua moja kuwa gharama kubwa. Kazi inayoweza kumalizwa kwa simu ina thamani zaidi kuliko zamani.

Kazi yenyewe

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara anayeleta chumvi mara tatu kwa mwezi. Kabla mzigo haujapakiwa, katibu huomba ankara ya awali kutoka Kigoma. Hulinganisha jina, anuani na namba ya mlipakodi, huhakikisha idadi ya magunia inalingana na kilo, na huangalia kama bei imeandikwa kwa shilingi, faranga au dola. Baada ya hapo huuliza kuhusu cheti cha uasili wa bidhaa.

Cheti hicho ndicho kinachothibitisha kwamba bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya, na kwa hiyo haistahili kutozwa ushuru wa forodha. Kwa shehena ndogo zenye thamani isiyozidi dola 2,000 upo utaratibu rahisi: cheti kilichorahisishwa hutolewa mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Msamaha huo ni wa ushuru wa forodha tu. Kodi nyingine za ndani zinaweza kubaki, na mfanyabiashara asiyeambiwa hilo mapema hudhani ameibiwa.

Mzigo ukiwa njiani, katibu huwasiliana na wakala, humjulisha mteja siku ya kufika, na huweka nakala za nyaraka zote katika jalada moja lenye tarehe. Ukishapokelewa, huandika deni la kila mnunuzi na kuwakumbusha kulipa.

Kufuatilia matangazo nako ni sehemu ya kazi. Tanzania ilipofunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mnunuzi wa dagaa wa Kigoma aliyepata habari mapema aliweza kupanga fedha zake. Aliyechelewa alikuwa amekwisha ahidi mzigo ambao haungepatikana.

Mipaka ya kazi

Katibu wa mbali si wakala wa forodha. Kutoa tamko la forodha kwa niaba ya mwingine ni kazi ya wakala mwenye leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR. Katibu huandaa na kukagua karatasi, lakini hasaini mahali pa wakala.

Vilevile ni hatari kwake kupokea fedha za ushuru au za mzigo kwenye simu yake. Fedha za watu watatu zikichanganyika katika akaunti moja, heshima iliyojengwa kwa miaka 25 inaweza kupotea kwa wiki moja. Malipo yaende moja kwa moja kwa anayestahili, na katibu abaki na nakala ya stakabadhi.

Ipo pia siri. Wateja wawili wanaouza chumvi katika soko moja wanaweza kumtumia katibu mmoja. Bei ya huyu isijulikane kwa yule. Aliyefanya kazi masijala anaijua kanuni hiyo: jalada halitoki bila ruhusa.

Vifaa na bei

Vifaa vya kuanzia si vingi: simu inayopiga picha safi za nyaraka, kompyuta ya mpakato hata iliyotumika, na betri au paneli ya jua kwa siku umeme unapokatika. Laini za mitandao miwili tofauti husaidia mmoja unapozima. Asiyezoea kompyuta ajifunze mambo matatu kwanza: barua pepe, jedwali la hesabu, na kuhifadhi nakala nje ya kompyuta yake.

Kuhusu bei, njia nyepesi ni kutoza kwa jalada. Kama shehena moja inachukua saa sita, shehena tatu ni saa 18 kwa mwezi, na wateja wanne wa aina hiyo ni saa 72. Hapo mtu anaweza kuona kama kiasi anachotaja kinatosha kulipia intaneti, umeme na jasho lake. Kwa kuwa thamani ya faranga ya Burundi imekuwa ikiyumba, hasa baada ya kushushwa Mei 2023, kila makubaliano yaandikwe sarafu, tarehe ya malipo na muda ambao bei hiyo itadumu.

Wateja wa kwanza kwa kawaida ni wale wanaomfahamu: mfanyabiashara aliyekuwa akipanga foleni mbele ya meza yake, ushirika wa wavuvi unaohitaji mihtasari ya mikutano, au msindikaji wa mawese asiyejua kuandika barua ya Kifaransa kwa mnunuzi. Ni busara kuanza na mmoja, kwa shehena moja, kwa maandishi. Mzigo huo ukitoka bandarini siku uliyofika, mteja wa pili hatahitaji kushawishiwa sana.